Nozeli Sita Zilizofunguliwa Bure Ruaha Mbuyuni

Nozeli hazikuwa na kosa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mmeiona ile video ya semi-trela iliyozimika chini ya mlima Kitonga, upande wa Ruaha Mbuyuni, na bado nasikia mafundi wazoefu wakimsifu fundi mkuu kwa kushusha nozeli zote sita kando ya barabara, turubai juu, mvua ikinyesha. Wanauita ujasiri. Mimi nauita uharibifu.

Haki yao niwape: gari lilisogezwa pembeni, matairi yakawekewa vigingi, pembetatu zikatangulizwa mbali, na sedimenta ikamwagwa maji kabla ya jambo lingine lolote.

Turudi pale mashine ya kupimia ilipochomekwa. Kodi zilitoka tatu kwa mpigo: sensa ya presha ya reli, sensa ya presha ya turbo, sensa ya presha ya oili. Fundi akasoma ya kwanza tu, akatamka kwamba reli haina presha na nozeli zinarudisha mafuta, kisha akaagiza spana. Hakuna aliyemuuliza habari za zile mbili zilizobaki. Nozeli iliyochoka huangusha presha ya reli, sawa, lakini sensa ya oili inaingiaje hapo? Sensa tatu zisizohusiana kikazi zikilalamika kwa pamoja, mtu hutafuta kinachoziunganisha, na kwenye injini ile kinachoziunganisha ni waya wa volti 5 unaotoka kontroli boksi. Sensa hizo zinakula chungu kimoja. Maji yakiingia kwenye soketi ya mmoja wao na kuivuta ile volti 5 chini, wote wanalala njaa.

Tena kodi yenyewe ilikuwa wazi kwenye kioo, na mpiga video aliisogelea vizuri. Haikusema presha ya reli iko chini. Ilisema volti ya sensa iko chini. Hayo ni mambo mawili, na fundi anayetembea na mashine ya kupimia anapaswa kuyatenganisha. Sensa za aina hii, zikiwa nzima, hutoa takriban nusu volti presha ikiwa sifuri, na hupanda kuelekea volti 4.5 presha ikijaa. Zile namba zilizoonekana zilikuwa chini hata ya kiwango cha sifuri. Hakuna nozeli duniani, hata iliyotoboka, inayoweza kuifanya sensa nzima isome chini ya sifuri. Hapo ni umeme, na umeme hutafutwa kwa mita.

Hata kama shaka ya nozeli ingekuwa ya haki, ina kipimo chake. Chomoa mipira ya mafuta yanayorudi, weka chupa moja kwa kila nozeli, piga stata au iache iungurume ikiwezekana, linganisha zilivyojaa. Kipimo hicho hakigusi bomba hata moja la presha kubwa, na kwenye mvua hiyo ndiyo faida yake kuu. Sehemu za ndani za nozeli ya komoni reli zimepishana kwa mikroni chache tu, na presha inayopita humo huvuka bar 1,600. Tone la maji ya mvua lenye mchanga wa barabarani likiingia pale, umeshanunua nozeli mpya hata kama ile ya zamani ilikuwa na miaka mitano mbele yake.

Lililoniumiza zaidi ni dereva. Anasikika kabisa kwenye video: "Jana asubuhi jua lilipotoka ikawaka yenyewe, jioni mvua ikarudi na yenyewe ikazima." Kaka yule alitoa jibu la shauri zima, akaambiwa asubiri pembeni. Nozeli mbovu haijui jua wala mvua. Ugonjwa unaokuja na mvua na kuondoka na jua unakaa mahali mvua inapofika: soketi, waya uliochubuka, athi yenye kutu, filta ya hewa iliyolowa, tangi linaloingiza maji kupitia mfuniko.

Mafundi walionifunza kazi walifunzwa na watu wa barabara hii kabla ya lami. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalilazimika kupita huku, mapipa juu ya malori, kwenye tope, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi 1968. Wale hawakuwa na mashine wala mita nzuri, ila walikuwa na utaratibu: muulize dereva, kisha anza nje uingie ndani. Mfuniko wa tangi, tundu la pumzi, sedimenta, filta, pampu ya mkono ya kutolea hewa. Pampu na nozeli ziliguswa mwisho, zikifunikwa kitambaa safi. Ile tabia yao ya kulegeza nati za bomba moja moja kutafuta silinda iliyokufa, msiipeleke kwenye komoni reli, mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi. Utaratibu wao lakini bado unafaa kama ulivyo. Angekuwapo mmoja wao pale Ruaha Mbuyuni, angechukua mita, angeweka kwenye ule waya wa volti 5 na kuchomoa sensa moja baada ya nyingine mpaka volti irudi. Isiporudi, anafuata wairingi.

Na ndivyo ilivyogundulika siku mbili baadaye gereji nyingine huko Iringa. Soketi ya sensa ya turbo ilijaa maji, pini zina kutu ya kijani. Juu yake palipakwa silikoni, na hili nimelipigia kelele miaka yote: silikoni haizuii maji, inayafungia ndani. Yaliingiaje? Injini ilioshwa kwa mashine ya presha kabla ya safari. Hilo nalo nimelisema mpaka nimechosha watu. Mpira mdogo wa soketi umetengenezwa uzuie mvua na matope, haukutengenezwa kuzuia bomba la kuoshea lililoshikwa sentimita chache kutoka kwake.

Sasa gari linawaka mvua na jua, ila linamisi, na mwenye gari anaambiwa nozeli "zilikuwa zimechoka tangu zamani." Si kweli. Kila nozeli ya injini ile ina namba yake ya vipimo iliyoandikwa mwilini, na namba hiyo imesajiliwa kwenye kontroli boksi kwa silinda yake. Kwenye video zimerundikwa zote kwenye ndoo moja bila alama. Kabla hajalipa hata shilingi ya nozeli mpya, adai hizi zilizopo zisomwe namba moja baada ya nyingine na kuingizwa upya kwa mpangilio zilivyokaa sasa, kisha kipimo cha chupa kifanyike, ndani, mahali pakavu.