Ubao Mpya Katika Mashua Kuukuu

Mashua inapopandishwa mchangani Mikindani au Msangamkuu, pwani ya Mtwara, ili ibadilishwe mbao, sifa zote huuendea ubao mpya. Watu huusifu kwa wekundu wake, kwa unene wake, kwa jinsi randa ilivyoulainisha, na mwenye chombo hulipa akiamini amenunua nguvu. Naona hapo ndipo tunapokosea kuhukumu. Ubao uliopachikwa katika chombo cha zamani haupimwi peke yake, kwa sababu haufanyi kazi peke yake. Umebanwa na ubao wa juu na wa chini, umeegemea mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyochongwa na mkono mwingine miaka mingi iliyopita, na umeshikwa na misumari ambayo nayo ina tabia zake. Ubora wa ukarabati umo katika mapatano ya hivyo vyote. Fundi hodari wa kuunda chombo kipya aweza kuwa fundi mbaya wa kukarabati kikongwe, maana anayeunda huamuru umbo, na anayekarabati hana budi kulifuata. Anayetaka kulipia kazi ya namna hii, au kununua mashua iliyokwisha kukarabatiwa, aanze kuangalia mahali ubao mpya unapokutana na wa zamani, wala asikae sana juu ya ubao wenyewe.

Pwani ya Mtwara inalidai jambo hili kwa namna yake. Kutoka Ghuba ya Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na vyombo vingi vilivyotia nanga karibu na ufuko hupwelewa mara mbili kwa siku. Chombo kilichopwelewa hulalia ubavu mmoja, uzito wote ukiangukia mkuku na mbao chache. Maji yakijaa, kinainuka na kujinyoosha. Mashua iliyofanya hivyo kwa miaka 15 imekwisha kujipatia umbo lake, nalo si lile alilokusudia fundi wa kwanza. Fundi anayekata ubao kwa kipimo kilichonyooka, kisha akausukuma kwa jeki na kabari mpaka ukae, ameshinda kwa siku moja tu. Nguvu aliyoitumia kuusukuma haikupotea. Imehamia kwenye misumari, na kila bamvua itaitoa kidogo kidogo. Kama chombo kimepinda kiasi cha kuhatarisha safari, kinanyooshwa kuanzia kwenye mkuku kabla ya kugusa mbao. Kukinyoosha kwa kutumia ubao mmoja wa ubavuni ni kuutwika mzigo usio wake.

Ubao uliokatwa vizuri huinuliwa na watu wawili, ukawekwa mahali pake kavukavu bila msumari hata mmoja, nao ukagusa kila taruma kwa mkandamizo wa mikono au wa vibano vyepesi. Mkaguzi akibahatika kufika wakati huo, apitishe kijiti chembamba kati ya ubao na mataruma. Penye mwanya pachongwe kwa tezo, ubaoni au kwenye kipande cha kujazia, na wala pasiachiwe msumari uvute. Akifika kazi imekwisha, aangalie vichwa vya misumari: kichwa kilichozama ndani sana kuliko wenzake, na ubao ukawa na ufa mdogo kandokando yake, kinaonyesha mahali ubao ulipolazimishwa.

Kisha kuna unyevu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mti ukinywa maji huongezeka upana, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Ukikauka, hupungua kwa njia hiyohiyo. Mbao za chombo kinachoelea zimekunywa maji kwa miaka. Ubao mkavu wa ghalani ukipachikwa kati yao kwa kubanwa sana, baada ya siku chache majini utavimba, na kwa kuwa hauna pa kwenda utaponda kingo za jirani zake au utainua misumari. Ubao mbichi una kosa la kinyume. Siku ya kushusha chombo unapendeza, lakini mashua ikipandishwa tena wakati wa jua kali, ubao husinyaa na mshono ukaachama. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na mbao zinazopasuliwa na kuuzwa katika miezi hiyo huwa nzito kwa maji hata kama uso wake umekauka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: ubao huu ulipasuliwa lini, na ulikaa wapi? Jibu zuri ni miezi kadhaa kivulini, ukiwa umeinuliwa toka chini na upepo ukiupitia pande zote.

Wengi hukumbuka unyevu wa ubao mpya wakasahau ule wa zamani. Chombo kikikaa mchangani wiki nyingi juani, mbao zake zote husinyaa, na fundi anayepima nafasi ya ubao mpya wakati huo hupima nafasi ambayo haitakuwapo chombo kikirudi majini. Fundi mwangalifu hufunika ubavu kwa makuti na kuumwagia maji ya bahari asubuhi na jioni. Maji ya chumvi, si ya mvua, kwa kuwa chumvi huchelewesha kuoza, ilhali maji ya mvua yanayotuama katika ngama huozesha mbao kwa kasi. Ukiona mashua imeachwa wazi juani na kazi inasuasua, jua kwamba hata ubao ukiwa mzuri kiasi gani, kipimo chake kina shaka.

Kuhusu mti wenyewe, kuna pingamizi linalosikika kila mahali na lina uzito wake: chukua mti mgumu kuliko yote, mambo mengine yatajipanga. Mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, ni mzito, unakaribia kilo 800 kwa mita moja ya ujazo ukiwa mkavu, na hustahimili maji kwa muda mrefu. Sifa za jamii yake ni za kale na zimevuka bahari. Meli ya kushonwa iliyoitwa Jewel of Muscat, iliyoundwa Oman kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9 yaliyopatikana Belitung, Indonesia, ilipigwa mbao za mti wa jamii ya mkongo kutoka Ghana, nayo ikasafiri hadi Singapore mwaka 2010. Hakuna anayeweza kuudharau mti huo. Lakini meli ile ilikuwa ya mti huo ubavu mzima, na ushahidi wake hauhamii kwenye mashua yenye mbao za mwembe ambayo inatiwa ubao mmoja wa mkongo. Katika mashua hiyo ubao mgumu hukataa kupinda pamoja na wenzake. Pamba ya kuziba mshono ikipigwa kati ya ukingo mgumu na mlaini, mkandamizo wote huchukuliwa na ule wa zamani, nao hupondeka. Baada ya muda ubao mpya ni mzima kabisa, na umezungukwa na mbao zilizoharibika kwa sababu yake. Ndiyo sababu naupendelea mninga kwa vyombo vingi vya pwani hii vinavyohitaji kiraka: ni mwepesi kuliko mkongo, unachongeka vizuri, na husinyaa na kuvimba kidogo sana ukilinganishwa na miti mingi. Chombo cha mkongo kitiwe mkongo. Cha mwembe, ambao huoza mapema, kitiwe mti mwepesi ulio bora kuliko mwembe, bila kuruka hadi mwisho wa ngazi. Katika mti wowote, ukataliwe ubao wenye ukanda mweupe wa nje ya kiini, kwani huko ndiko kuoza kunakoanzia.

Mataruma yana sheria yake. Taruma jema hutoka kwenye tawi lililopinda lenyewe, nyuzi za mti zikifuata mpindo mwanzo hadi mwisho; lililokatwa kwa msumeno kutoka gogo lililonyooka hukatika pale nyuzi zinapoishia ukingoni. Mikoko ya delta ya Ruvuma inayo matawi hayo, hasa mlilana na mkomafi, ambayo waunda vyombo wa pwani wameitumia tangu zamani. Mikoko hiyo sasa ipo chini ya ulinzi: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na ukataji wa mikoko unahitaji kibali. Mwenye chombo ana haki ya kuuliza kibali cha taruma analouziwa, na fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Sasa tuje kwenye viungo na misumari, ambako jicho lisilo na mafunzo laweza kujifunza haraka. Ubao wa kiraka usiwe mfupi. Kipande kinachofunika mataruma mawili tu ni kizibo, kwa sababu ncha zake zote mbili ziko karibu na udhaifu uleule uliosababisha uharibifu. Ncha za mbao jirani zisikutane katika nafasi moja. Desturi nzuri ya waunda vyombo ni kuzitenganisha kwa nafasi tatu za mataruma, ili mstari wa udhaifu usipande wima ubavuni. Kabla ya yote hayo, ubao wa zamani uwe umekatwa hadi penye uzima. Chomeka kisu katika mti uliobaki kando ya kiungo: kikizama kwa urahisi, fundi alikoma kukata mapema ili kuokoa mbao, na kiraka chake kimeshikizwa kwenye uozo. Kosa hili ni baya kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa kuwa linafichwa na rangi.

Msumari utanguliwe na tundu la keekee, jembamba kidogo kuliko msumari, na chini ya kichwa chake izungushwe pamba iliyolowa mafuta ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Uwe wa chuma kilichopakwa zinki, na misumari yote iwe ya namna moja. Fundi anayechanganya shaba na chuma kwa sababu shaba ilipatikana bure ameweka betri ndani ya maji ya chumvi. Chuma kitaliwa, na mti unaokizunguka utageuka mweusi na laini. Weusi huo kuzunguka misumari ya zamani ndio alama ya kuangalia unaponunua chombo. Ukiuona kando ya ubao mpya, misumari ya jirani ilipaswa kung'olewa na kupigwa mingine penye mti mzima.

Kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, ndiyo inayotoa hukumu. Mshono mzuri umebana upande wa ndani na umepanuka kidogo upande wa nje, ili pamba iliyolowa mafuta ya nazi au simsim ipate pa kushikilia bila kupenya hadi ngamani. Ikiwa unaona nyuzi za pamba ukiwa ndani ya chombo, mshono ulikuwa wazi mno na pamba inafanya kazi ya mbao. Fundi mzoefu husikiliza nyundo: pamba inapoingia mlio ni mzito, na inapojaa hugeuka mkali. Hapo huacha. Anayeendelea kupiga ili aonyeshe bidii anazisukuma mbao zitengane na mataruma. Mshono kati ya ubao mpya na wa zamani upigwe kwa mkono mwepesi kuliko mingine, kwa kuwa ubao mpya utauongezea mkandamizo wenyewe ukishavimba.

Wapo wanaosema maarifa haya yamepitwa na wakati, kwamba ubavu unaweza kufunikwa kwa faiba au kumwagiwa lami na mambo yakaisha. Boti iliyoundwa kwa faiba tangu mwanzo ni chombo kizuri, na sina neno dhidi yake. Kufunika mbao kuukuu kwa faiba ni jambo jingine. Mbao zinaendelea kuvimba na kusinyaa, faiba haifuati, maji hupata njia katikati na kukaa humo yakiozesha mti ambao hakuna anayeuona tena. Lami katika mshono huzuia maji kwa msimu mmoja, kisha hufanya kingo za mbao zisishike pamba, na fundi wa baadaye hulazimika kuzichonga. Wapo pia wanaosema mvuvi hana fedha wala siku za kusubiri ubao ukauke kivulini. Hoja hiyo ni ya kweli na inaumiza, kwani kila siku mchangani ni siku bila samaki. Jibu lake, hata hivyo, halipo katika ubao wa haraka. Lipo katika kununua ubao mapema, kuuhifadhi nyumbani kabla haujahitajika, na kubadilisha mbao mbili kwa usahihi badala ya sita kwa pupa. Kazi ya pupa humrudisha mvuvi mchangani mwaka unaofuata, na siku anazopoteza huwa mara mbili.

Basi ukirudishiwa mashua yako, usimalize malipo siku ya kushushwa, hata deheni iliyopakwa nje ikiwa inang'aa. Iache ipitie bamvua nzima, ikipwelewa na kuinuka, kisha ingia asubuhi uangalie mishono ya ubao mpya na ya majirani zake. Yote ikiwa mikavu, mlipe fundi kilichobaki na umtaje kwa wenzako. Ikiwa maji yanaingia katika mshono wa jirani ambao zamani haukuvuja, kosa ni la ubao mpya, hata kama wenyewe ni mkavu, na kazi irudiwe.