Adhabu Moja, Makosa Mawili: Istilahi za Kiswahili katika Chombo cha Kutafutia Nyaraka

Makala haya yanahakiki chombo kipya ambacho kwa asili yake ni ndugu wa kamusi: programu ya kutafutia nyaraka inayotumiwa na mawakala wa akili mnemba kwa niaba ya waendeshaji wa mitambo ya blokucheni. Mwendeshaji huuliza, wakala hulipeleka swali kwenye hazina ya nyaraka, huokota aya zinazokaribiana nalo kimaana, kisha huunda jibu. Kazi hiyo ilirahisishwa Novemba 2024, Anthropic ilipotoa itifaki ya Model Context Protocol, inayowapa mawakala njia moja ya kuzifikia hazina za namna hiyo. Kasoro inayojadiliwa hapa si ya mitambo bali ya istilahi, nayo huonekana wazi zaidi ikitazamwa kutoka Fizi na Baraka kuliko kutoka Dar es Salaam.

Katika mwambao huo wa Ziwa Tanganyika Kiswahili hakina sura moja. Kipo cha Kivu, kilichokaa na Kibembe na kukopa kutoka Kifaransa. Kipo pia kilicholetwa na waliorejea kutoka kambi za Kigoma, ambao tangu 2005 walivushwa ziwa hadi Baraka. Istilahi iliyoundwa kwa sikio la upande mmoja huweza kufika Baraka ikakuta kiti chake kimekaliwa.

Ndivyo ilivyo kwa neno mthibitishaji. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliwaacha wachimbaji, ikaikabidhi kazi yao kwa watu wanaoweka dhamana ya etha 32 au zaidi. (Kuondoka kwa neno mchimbaji ni nafuu kwa Fizi, ambako mchimbaji ni mtu wa dhahabu ya Misisi, mwenye sururu mkononi.) Lakini katika Kivu Kusini kuthibitisha mgodi ni shughuli ya ujumbe wa pamoja unaofika machimboni kuangalia kama kuna wenye silaha au watoto kazini, baadaye mgodi hupewa rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Kifaransa cha shughuli hiyo kinatumia shina lilelile la neno la blokucheni. Mthibitishaji wa blokucheni, hata hivyo, haendi popote. Huangalia saini na taratibu tu. Andiko la uongo kwamba dhahabu imetoka mgodi wa kijani, likitiwa saini ipasavyo, litapita. Msomaji wa Fizi akiambiwa kwamba andiko limethibitishwa, ataelewa kwamba kuna mtu aliyekwenda kuona. Mkaguzi wa daftari lingekuwa jina la haki zaidi, kwa kuwa mkaguzi hujulikana kwa kukaa na vitabu.

Neno la pili lina hatari kubwa zaidi. Nyaraka za Kiingereza za Ethereum hutenga mambo mawili. La kwanza ni upungufu mdogo unaompata mwendeshaji ambaye mtambo wake umezimika. Hasara yake hukaribiana na faida ambayo angeipata kwa muda huo, na dawa yake ni kuuwasha tena. La pili ni kukatwa dhamana na kufukuzwa kabisa, kwa kosa la kutia saini mbili zinazopingana. Katika Kiswahili, neno linalokuja upesi kwa yote mawili ni adhabu.

Mfano ufaao ni wa fundi anayetegemea umeme wa jua. Mtambo umezimika usiku. Anamwuliza wakala kwa Kiswahili namna ya kuepuka adhabu. Chombo, kikiwa na neno moja kwa makosa mawili, chaweza kumletea aya za kufukuzwa. Akitishwa nazo, fundi huona heri kuwasha mtambo wa akiba wenye ufunguo uleule. Wa kwanza ukipata umeme na kurudi kazini, mitambo miwili itatia saini kwa jina moja, na kosa lililokuwa dogo litageuka lile la kufukuzwa. Ni kweli kwamba etha 32 ni mali ya wachache mno katika Fizi. Lakini anayeuliza si lazima awe mwenye mali. Huenda akawa kijana aliyeajiriwa kulinda mtambo wa mwingine, ambaye ndiye atakayelaumiwa.

Tarehe nayo hupotea njiani. Hadi Mei 2025 mkato wa kwanza wa kosa hilo kubwa ulikuwa sehemu 1 kwa 32 ya dhamana. Mageuzi ya Pectra yaliushusha hadi 1 kwa 4096. Aya mbili zenye maneno karibu sawa husema mambo yaliyo mbali mno, na ukaribu wa maneno ndio kipimo cha chombo. Kamusi ya karatasi angalau huonyesha mwaka wake katika kurasa za mwanzo.

Wahandisi wanaweza kuandika tarehe juu ya kila aya. Suala la maneno ni la wanaisimu. Kwa kosa dogo, hasara ya kukosekana ingetosha; kwa kubwa, kunyang'anywa dhamana. Faini isingefaa, kwa sababu faini hulipwa na mtu akarudi kazini, hali aliyefukuzwa hawezi kurudi kwa ufunguo uleule. Hata dhamana inahitaji kujaribiwa kwanza mbele ya wasemaji wa Baraka, kwa kuwa wengi huijua kama kitu cha mahakamani, kinachomtoa mtu kifungoni.