Bwana mwenye bunduki, bibi mwenye mapaja matupu

Kuna picha moja ya Waingereza ambayo mtu yeyote anayesoma historia ya sanaa anakutana nayo mapema: "Mr and Mrs Andrews" ya Thomas Gainsborough. Iko London, katika National Gallery. Ilichorwa karibu mwaka 1750 kwa rangi ya mafuta, na si kubwa: sentimita 69,8 kwa 119,4. Upande wa kushoto, chini ya mwaloni, Robert Andrews amesimama na bunduki ya kuwinda kwapani, mbwa wake anamwangalia. Frances, bibi yake, ameketi kwenye benchi na gauni la buluu. Upande wote wa kulia ni mashamba. Wanasema ni picha ya ndoa, na kweli walioana 1748. Lakini bwana harusi gani anakuja na bunduki?

Jibu liko kwenye sheria. Tangu 1671, Uingereza ilikuwa na sheria ya uwindaji: ili upate ruhusa ya kupiga sungura au kwale, ilibidi uwe na ardhi yako mwenyewe inayoingiza pauni 100 kwa mwaka. Mukulima wa kukodi, hata sungura akimumalizia ngano mbele ya macho, alikuwa hana haki ya kumugusa. (Wenye kulima kando ya parc wataelewa bila mimi kueleza.) Sheria hiyo ilidumu mpaka 1831. Kwa hiyo ile bunduki haiko pambo. Ni cheti cha ardhi ambacho mtu anakibeba kwapani.

Mwandishi John Berger aliisema hiyo wazi mwaka 1972 katika kitabu chake Ways of Seeing: hawa wawili ni wenye mali, na sura zao zinaonyesha. Kuna msomi aliyempinga, akitaka tuone watu wanaofurahia uzuri wa dunia, basi. Mimi niko upande wa Berger. Ila naona alikuwa na haki kuliko alivyofikiri, na ushahidi uko kwenye udongo.

Angalia lile shamba la ngano chini kulia. Mabua yaliyobaki yako kwenye mistari iliyonyooka. Mbegu ya kutupa kwa mkono haioti vile. Njo maana wataalamu wanaona hapo mashine ya kupanda kwa mistari, ile iliyotangazwa na Jethro Tull, ambayo kwa wakati ule ilikuwa bado kitu cha wakulima wa kisasa. Mbele kidogo kondoo wako ndani ya uzio wao, hawachanganyiki na mazao. Robert ni mkulima wa maendeleo, na anataka tujue. Sasa tafuta watu. Ngano imekatwa, imefungwa, miganda imesimamishwa ikauke, na hakuna hata mtu mmoja shambani! Sisi wa agronomi tunajua mavuno ni mikono mingapi. Gainsborough, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo aliyefilisika, mtu wa Sudbury palepale karibu, hakuweza kukosa kujua. Mchoraji aliyeweza kuchora kila shuke hakushindwa kuchora vibarua. Hawakuombwa.

Historia ya umiliki wa picha yenyewe inaendelea vilevile. Ilibaki ndani ya familia ya Andrews zaidi ya miaka 200. Watu wa nje hawakuijua, mpaka ilipoonyeshwa Ipswich mwaka 1927, miaka 200 tangu Gainsborough azaliwe. Mwaka 1960 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa pauni 130.000, ikaingia National Gallery. Orodha safi, haina wizi, haina vita. Makumbusho yanapenda orodha za namna hiyo. Lakini usafi huo unaficha jambo moja: ardhi tunayoiona haikutoka upande wa Robert peke yake. Familia ya Frances, akina Carter, walikuwa na sehemu yao, na ndoa njo iliunganisha. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa bwana yake. Frances alifariki 1780. Robert alioa tena, akaishi mpaka 1806. Jina linaloshuka na picha ni la Andrews tu.

Na hapo njo tufike kwenye hali ya kitambaa. Picha hii haikumalizwa. Mapajani mwa Frances, katikati ya lile gauni la buluu, kuna doa la rangi ya msingi, bila kitu. Wengine wanasema ingekuwa ndege aliyepigwa na bwana, pengine fezani, juu kuna mistari ya kahawia kama manyoya ya mkia. Wengine wanasema mtoto, ambaye angeongezwa akizaliwa. Wengine kitabu, au kazi ya kushona.

Mimi nashika ile ya ndege, sababu inakwenda na bunduki na mbwa: bwana anapiga, bibi anashika. Lakini kinachonishangaza zaidi ni kwamba vizazi vyote vile vya Andrews, watu wenye pesa, hakuna aliyeita fundi mwingine kuziba tundu. Wachoraji hawakukosekana. Na makumbusho nayo hayawezi kuziba, kwa sababu kazi yao ni kutunza kile ambacho mkono wa Gainsborough uliacha, si kukikamilisha. Kwa hiyo bunduki imemalizwa mpaka chuma chake, mbwa amemalizwa, ngano imemalizwa shuke kwa shuke. Pahali pa yule aliyeleta sehemu ya shamba, mtu anaona paka rangi ya msingi.