Deni la Duka la Ajabu

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, watungaji wa hadithi za watoto katika Ulaya na Marekani wamependa kumpitisha mtoto katika mlango wa duka la ajabu. Mtoto apita njiani, aona duka ambalo hakupata kuliona, aingia, naye atoka na kitu mkononi ambacho baada yake maisha yake hayawi tena kama yalivyokuwa. Wako walimu wazikataao hadithi hizi kwa kuwa, wasemavyo, zamzoeza mtoto kutamani vitu. Wako na wahakiki wazisifuo kwa sababu moja tu, kwamba zafurahisha. Pande zote mbili zimepita jambo lililo mbele ya macho yao: duka ni mahali pa bei. Nataka kuonyesha katika makala hii kuwa ubora wa hadithi ya namna hii hupimwa kwa jinsi mtungaji anavyoitendea hesabu yake, yaani nani anadaiwa, anadaiwa nini, na analipa kwa kitu gani.

Yafaa kwanza tutenge duka na pango. Katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekijua tangu zamani, hazina hukaa pangoni au chini ya ardhi. Mwenye kujua neno la kufungulia huingia akachukua, na hatari yake ni kukutwa tu. Pangoni hakuna muuzaji. Duka si hivyo. Nyuma ya meza yuko mtu mwenye mali yake, na kati yake na mnunuzi pana desturi ambayo hata mtoto mdogo aijua: ukichukua, lipa. Kwa hiyo mtungaji anapoyatia maajabu dukani, apende asipende, amekwisha kuuliza swali juu ya haki. Akilisahau swali hilo njiani, duka lake limekuwa pango lenye rafu.

Lewis Carroll alilitambua jambo hili mapema. Katika “Through the Looking-Glass”, kitabu chake cha pili juu ya Alice kilichotoka mwaka 1871, mtoto huyo ajikuta katika duka dogo lenye giza, na mwenye duka ni kondoo anayefuma sufu. Kila rafu Alice anayoikazia macho yaonekana tupu, hali zile zinazoizunguka zimejaa tele. Ataka kununua yai. Aambiwa kuwa yai moja ni peni tano na robo, bali mawili ni peni mbili tu. Lakini anunuaye mawili hana budi kuyala yote mawili. Wasomaji wengi hucheka hapa wakaendelea mbele. Yafaa kusimama kidogo, kwa maana masharti hayo yana akili yake. Bei ndogo imefungiwa wajibu mkubwa, na Alice, kwa kuogopa kuwa huenda mayai yenyewe si mazuri, achagua moja lenye bei kubwa. Wazee wetu wangalimwelewa mara moja, kwa kuwa wao ndio waliosema rahisi huvunja upishi.

Hata hivyo, hadithi iliyolichimba jambo hili kwa kina zaidi ni ile fupi ya H. G. Wells iitwayo “The Magic Shop”, iliyotolewa mwaka 1903. Msimulizi ni baba. Atembea na mwanawe, Gip, katika barabara ya Regent Street, London, na mtoto amvuta kwa kidole mpaka kwenye kioo cha duka la mazingaombwe. Baba alikuwa amewahi kuliona duka hili kwa mbali, lakini kila mara katika mawazo yake lilikaa mtaa mwingine. Waingia. Muuzaji, ambaye sikio lake moja ni kubwa kuliko la pili, awapa mipira ya kioo na kuwaambia kuwa haina bei, kwani wao wenyewe huipata bure. Kisha aongeza neno ambalo ndilo kiini cha hadithi nzima: kwamba mwishowe wao hulipa, ila si kwa uzito ule ambao watu hudhani. Vitu vyao vikubwa, hata chakula chao cha kila siku, huvitoa katika kofia.

Tazama jinsi baba anavyoyapokea maneno hayo. Mtoto apokea kila kitu kwa furaha bila kuuliza. Baba, kila ajabu inapozidi, azidi kutaka hesabu. Afikapo mahali pa kuona kuwa mambo yamepita kiasi, ataka aambiwe jumla yake pamoja na kurudishiwa kofia yake; na papo hapo muuzaji hayupo, nyuma ya meza pamebaki sungura mweupe. Baadaye Gip afunikwa kwa ngoma kubwa na kutoweka. Baba amrukia muuzaji gizani, naye ajikuta nje barabarani akigongana na mpita njia, mtoto yu salama karibu naye na vifurushi vinne mikononi, na duka halipo. Nyumbani vifurushi vitatu vyaonekana kuwa na vinyago vya askari vya kawaida tu, vya madini ya risasi. Cha nne kina mtoto wa paka, mweupe, mzima, mwenye afya njema.

Mtungaji dhaifu angaliishia hapo, kwa paka. Wells aendelea mpaka kwenye deni. Baba ni mtu aliyezoea kulipa madeni yake. Amekwenda na kurudi mara kadhaa katika barabara ile akilitafuta duka ili alipe, wala hakuliona. Mwishowe ajituliza kuwa wenye duka walijua jina la mtoto na mahali akaapo, basi na walete hati yao wapendapo. Maneno haya yasemwa kwa utulivu, na kwa sababu hiyo yatisha. Hatujui italetwa lini, wala itamtaka nani alipe, baba au mtoto. Mithali ya Kiswahili yasema dawa ya deni ni kulipa. Wells ametuonyesha mtu mwaminifu aliyenyimwa dawa hiyo. Naona hakuna njia bora ya kumweleza msomaji hofu ya mzazi. Mwanawe amepewa na dunia kitu ambacho yeye mzazi hakukinunua wala hawezi kukirudisha.

Sifa hii isitufanye tufumbe macho. Hadithi hii ina mlango unaochagua. Muuzaji asema kuwa waingiao ni watoto wa namna ifaayo tu, na kwa nje twamsikia mtoto aliyedekezwa akilia kuwa ataka kuingia, naye baba yake amwambia kuwa mlango umefungwa. Wells ataka tuamini kuwa kipimo ni tabia njema. Lakini watoto wote wawili wametembezwa na baba zao mbele ya maduka ya barabara ya kitajiri. Mtoto maskini wa London hakuletwa hata mlangoni akakataliwa. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kama tabia ya mtoto huyo ilipata kupimwa. Hapa hesabu ya Wells, iliyo safi mahali pengine pote, ina ukurasa uliokosekana.

Watungaji waliokuja baadaye wamelijaza pengo hilo kwa kiasi, kwa kuwapeleka dukani watoto wanaokimbia. Katika “Die unendliche Geschichte” ya Michael Ende, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1979, mtoto Bastian, mnene, mwoga, aliyefiwa na mama, akimbilia duka la vitabu vikuukuu la Karl Konrad Koreander ili aepukane na wenzake wanaomtesa. Hanunui kitu, aiba kitabu. Ndani ya kitabu hicho kila tamaa anayotimiziwa yampotezea kumbukumbu mojawapo ya maisha yake, hata alipoteza jina lake mwenyewe. Hiyo ndiyo bei, naye ailipa bila kujua kuwa analipa. Lakini Ende hakuridhika na adhabu ya siri. Bastian arudipo kwa baba yake aungama wizi wake. Baba yuko tayari kumshughulikia jambo hilo, na mtoto akataa, aenda peke yake kwa mwenye duka. Huko aambiwa kuwa hakuna kitabu kilichopotea. Deni limefutwa, lakini limefutwa baada ya mdeni kufika kulipa, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya Bastian kuwa mtu mzima kidogo.

Bruce Coville wa Marekani ametunga vitabu kadhaa juu ya duka moja, la mzee Elives, kuanzia mwaka 1982. Duka lake si zuri kama la Wells; mara nyingi ni kizingiti tu, nasi twalivuka upesi mno. Walakini katika “Jeremy Thatcher, Dragon Hatcher” cha mwaka 1991 hesabu yake ni nzuri. Jeremy anunua yai kwa bei ndogo, alea joka litokalo humo, alipenda, kisha ajua kuwa hana budi kulirudisha kwenye ulimwengu wake. Alichonunua hakikuwa mali. Alinunua kazi ya kulea na uchungu wa kuachana. Katika “The Skull of Truth” cha mwaka 1997, Charlie, mtoto mwongo, aiba fuvu la kichwa dukani, na fuvu hilo lamlazimisha kusema kweli. Hiki chafundisha kwa sauti ya juu kuliko kile cha kwanza, na kwa ajili hiyo chafundisha kidogo zaidi, maana malipo ya Charlie ni ya kulazimishwa, na ya Jeremy yatoka moyoni.

Kwa hiyo walimu wale wanaohofu tamaa wamekosea kitu kimoja. Hadithi iliyo bora ya duka la ajabu haimwambii mtoto kuwa atapata. Yamwambia kuwa apataye hudaiwa, na kuwa madeni makubwa hayalipwi kwa fedha. Zile zinazostahili lawama yao ni nyingine: ambamo kitu cha ajabu chatoka rafuni, chamshinda adui, na mwisho mtoto abaki nacho pamoja na ushindi, bila mtu kutaja gharama. Hizo ni matangazo ya biashara yaliyovaa nguo za hadithi.

Watungaji wetu wana mtaji wa kutosha kwa kazi hii. Kitabu cha kwanza cha Alice kilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, kwa jina la “Elisi katika Nchi ya Ajabu”, basi mambo ya namna hii si mageni katika lugha yetu. Wala hatuhitaji Regent Street. Tunalo duka la mtaani, lenye mizani juu ya meza na daftari la madeni chini yake, na mtoto atumwaye sukari robo kilo akaambiwa aseme kuwa mama atalipa mwisho wa mwezi. Mtoto huyo aijua maana ya deni kabla hajajua kusoma, na amesikia ikisemwa kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Mwandishi atakayemwingiza mtoto huyo katika duka la ajabu atakuwa na swali ambalo Wells hakulifikia: mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna fedha atafanya nini akiambiwa kuwa hapa bei si fedha? Wanafunzi wetu wa fasihi waandikao hadithi na walijaribu swali hilo, na wahakiki wazikague hesabu zao bila kuwaonea haya.