"Ajabu" au "Geni"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Fizikia

Insha hii inahakiki neno moja: "ajabu", ambalo baadhi yetu wanafunzi wa Rumonge hulitumia tunapoeleza kwa Kiswahili chembe ambazo vitabu vya Kifaransa huziita étranges. Nadai kwamba neno hilo linapotosha, na kwamba "geni" linafaa zaidi.

Kwanza, tutazame maana. Chembe hizi zilianza kuonekana mwaka 1947 katika miale itokayo angani. Zilizaliwa upesi lakini zikakawia kufa: lambda, mojawapo, huishi mara trilioni kadhaa zaidi ya muda uliotarajiwa, ingawa hata sekunde moja haifikii. Mwaka 1953 Murray Gell-Mann na Kazuhiko Nishijima, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kwamba zina sifa inayohesabika. Ya lambda ni -1. Ajabu haihesabiki, tena huisha mtu akishaelewa. Sifa hii hubaki palepale hata baada ya kueleweka.

Pili, tutazame matumizi. Mwaka 1952, mjini Warsaw, Marian Danysz na Jerzy Pniewski waligundua kiini cha atomu chenye lambda miongoni mwa protoni na nyutroni. Ndani ya kiini, protoni na nyutroni hujaza ngazi za nishati. Ngazi ya chini ikijaa, zinazofuata hupanda juu. Lambda si mojawapo yao, hivyo haizuiwi: hushuka hadi ngazi ya chini kabisa. Ndivyo tunavyomfanyia mgeni. Nyumba ikijaa, wenyeji hubanana, yeye akapewa nafasi.

Kuna pingamizi. Katika maabara, lambda mara nyingi huzaliwa mlemle kiinini, nyutroni inapogeuzwa. Mgeni gani huzaliwa nyumbani? Hoja hiyo ina uzito, lakini "-geni" pia humaanisha kisichozoeleka: tunasema "neno geni" bila kuuliza limetoka wapi.

Kwa nini nishughulike na neno moja? Katika mwambao wetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, Kiswahili kinatumika kupimia mawese na kupatana bei ya samaki, lakini hesabu za fizikia huachiwa Kifaransa. Tukiita "ajabu" jambo ambalo wenzetu wamelipima, tunakubali kwamba kazi ya lugha hii ni kushangaa tu. Kwa hiyo napendekeza "chembe geni", na sifa yake iitwe "ugeni".