Pumzi ya Msemaji

Juzi alinijia kijana wa jirani yetu, anayejifunza kazi katika afisi moja ya kumbukumbu, akanionesha katika simu yake hotuba iliyoandikwa na mashine mara tu baada ya kusemwa. Nami, baada ya kumpongeza kama ilivyo ada, nikasoma kurasa mbili tatu, nikaona maneno yote yamo na msemaji hayumo. Tangu hapo fikra zangu zimekuwa zikinirejesha Kikwajuni, katika ukumbi wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kabla Baraza halijahamia Chukwani, ambako nilipelekwa mwanagenzi wa kuandika taarifa za vikao, sina mtaji ila hati nzuri niliyoipata skuli na heshima niliyofunzwa nyumbani.

Baraza letu ni dogo. Wajumbe wake hata mia hawafiki, na visiwa vyenyewe ni vidogo kiasi cha kuwa anayesimama kuuliza suali juu ya maji ya Micheweni huenda akawa mkwe wa anayejibu. Neno likisemwa asubuhi ukumbini, jioni limeshafika barazani kwa watu, na ndiyo maana kuliandika kulihitaji taqwa. Lakini zamani haikuwa hivyo: lile Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1926 liliendeshwa kwa Kiingereza, na wenye nchi wengi wakisimuliwa tu. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, ikapita miaka 16 sheria zikitungwa na Baraza la Mapinduzi, hata tarehe 14 Januari 1980 Wawakilishi walipokutana kwa mara ya kwanza, wakasema kwa Kiswahili. Jina la Hansard tulilozipa taarifa hizo za vikao ni la mpiga chapa wa London wa karne ya 19; lakini wazee niliowakuta kazini walikuwa na jina lao wenyewe, wakiziita amana.

Aliyenifunza, nami nikimwita Maalim kama walivyomwita wote, alikuwa na kinasa sauti, penseli mbili, raba na kitambaa cheupe. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kanda, alichovya pamba katika spiriti akasugua kichwa cha mashine kwa utulivu wa mtu anayetia udhu. Juma la kwanza hakuniruhusu kuandika hata herufi moja. Nilikaa nikisikiliza, naye akiniuliza nani amesema, amesimama au amesemea kitini, na makofi yametoka upande gani wa ukumbi. Neno lile dogo la mabano, (Makofi), alilipima kama mpima dhahabu, maana makofi ya mtu mmoja kwake hayakuwa makofi, wala kicheko cha adabu hakikuwa kicheko. “Mheshimiwa Spika” ya tatu katika sentensi moja aliiondoa bila ya kusita, ila pale alipotambua kuwa msemaji ameitamka kwa uchungu, hiyo aliiacha.

Siku moja nikamletea ukurasa wenye sentensi hii: Hatukuikataa hoja hii kwa sababu ya fedha. Akaisoma, akavua miwani.

“Mwanangu, wameikataa au hawakuikataa?”

Sikuwa na jawabu. Kama wameikataa, basi sababu ni nyengine, si fedha. Na kama hawakuikataa, basi fedha ndizo zilizowafanya waikubali. Na herufi zangu, zilizonyooka kama safu za msikitini, zilibeba maana zote mbili bila ya kuchagua. Maalim akairejesha kanda. Akairejesha tena. Mara ya tatu akaniwekea vile vya masikioni mwenyewe, akainua kidole, na pale kilipoinuka nikaisikia: baada ya “hoja hii” yule bwana alivuta pumzi, fupi mno, kama ya mtu anayevuka kizingiti. Maalim akachukua penseli, akatia mkato mmoja, akanirudishia karatasi. Miaka mingi imepita na ningali naiona ile alama, nyembamba kuliko unywele.

Na siku nyengine mjumbe wa Kusini alitaja sherehe ya Mwaka Kogwa, nami kwa ujuzi wangu wa skuli nikaandika “Mwaka wa Kuoga”. Maalim alifuta polepole, akapuliza vumbi la raba, akalirejesha neno kama lilivyotoka Makunduchi.

Mashine siichukii, kwani kinasa sauti nacho kilikuwa mashine. Linalonihuzunisha ni kuwa siku hizi kipande cha dakika moja hukatwa kikatembea simu kwa simu, hakina kichwa wala miguu, na kijana anayeingia kazini huoneshwa kitufe siku ile ile ya kwanza, wala hapatikani wa kumketisha juma zima asikilize tu.

Katika hotuba ya yule kijana wa jirani niliona sentensi moja, nikamwekea kidole: Hatukuwateua kwa sababu ya udugu. Nikamuuliza, je, waliteuliwa au hawakuteuliwa? Akaitazama kitambo, akasema ndivyo mashine ilivyoandika. Nikamwomba basi anisikilizishe sauti yenyewe.

Akaniambia ameshaifuta, ilikuwa ikimjazia simu.