Ustadi wa Kupita Jedwalini

Chukua jedwali la namba lenye mistari 4,000 na safu 4,000, kila namba ikiwa ya baiti 4, ulijumlishe kwa lugha ya C. Unaweza kuumaliza mstari mmoja ndipo uingie wa pili, au kushuka safu baada ya safu. Namba ni zile zile milioni 16, na jumla haibadiliki. Ila njia ya pili huweza kuchukua muda mara kadhaa zaidi, na kwenye programu vimebadilishana nafasi vitanzi viwili tu.

Prosesa nyingi za leo haziagizi namba moja moja. Huleta baiti 64 kwa mkupuo, yaani namba 16 zilizo jirani, na kuziweka kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka iitwayo kache. C huulaza mstari mzima pamoja, hivyo anayeufuata huzitumia zote 16. Anayeshuka safu huruka baiti 16,000 kila hatua: katumwa ghalani, kabeba gunia, kachota punje moja, karudi kufuata gunia jingine. Fortran ya IBM, ya mwaka 1957, hulaza safu. Basi anayehamishia programu C bila kugeuza vitanzi hupata jibu sahihi, na kwa kuwa jibu ni sahihi, hakuna anayeuliza kwa nini limechelewa.

Maurice Wilkes wa Cambridge aliieleza kumbukumbu ya namna hii katika makala fupi ya mwaka 1965. Ninaowasifu hapa, hata hivyo, ni mafundi wanaoipangia kazi.

Watazame wakigeuza jedwali, mistari iwe safu. Ukisoma kwa mstari, utaandika kwa safu. Upande mmoja lazima uumie. Fundi hakubali. Hulikata vipande vya 16 kwa 16, akageuza kimoja hadi kiishe. Cha kusoma na cha kuandikia, pamoja, ni kilobaiti 2: vyote vinaenea kwenye kache.

Upana wa jedwali ukiwa namba 4,096, namba za safu moja hugombania sehemu chache za kache, zikafukuzana huku kwingine kukiwa wazi. Dawa yake hunichekesha: kuongeza nafasi 16 tupu mwishoni mwa kila mstari. Hakuna anayezisoma. Asiyejua huzifuta akidhani anasafisha, ndiyo maana fundi makini huziandikia sentensi moja ya maelezo kando.